Kivinjari cha zamani ni hasara kwa mfanyabiashara

Katika soko la programu za kompyuta ipo bidhaa moja ambayo bei yake haipandi wala haishuki. Bidhaa hiyo ni kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti. Chrome, Firefox, Edge na Safari hutolewa bure, na matoleo yake mapya pia ni bure. Hata hivyo, wapo wenye maduka na ofisi ndogo wanaoagiza bidhaa na kulipa benki kwa kutumia matoleo yaliyopitwa na wakati.

Hasara ya kwanza ni kufungiwa mlango. Mawasiliano kati ya kompyuta na benki hulindwa kwa kufuli za siri, na kufuli hizo hubadilishwa zinapoonekana kuwa dhaifu. Kanuni za usalama wa kadi za malipo ziliweka tarehe 30 Juni 2018 kuwa mwisho wa kutegemea kufuli ya zamani iitwayo TLS 1.0. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa navyo vilianza kuiacha, pamoja na TLS 1.1 iliyoifuata. Kivinjari kisichojua kufuli mpya hukataliwa, na mwenye duka hudhani kuwa mtandao ndio mbovu.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Watengenezaji wanapotoa toleo jipya, hutangaza pia kasoro walizoziba. Tangazo hilo husomwa na wezi vilevile. Hivyo basi, kasoro iliyokuwa siri jana hujulikana leo, na aliyebaki na toleo la zamani huwa katika hatari kubwa kuliko kabla ya marekebisho kutolewa. Kufungua ukurasa mmoja wenye mtego kunaweza kutosha kumpa mwizi neno la siri la akaunti ya biashara.

Kazi ya kusasisha ni fupi. Katika Chrome na Edge, mtumiaji hubonyeza nukta tatu zilizo juu kulia, huingia sehemu ya msaada, kisha huchagua "Kuhusu". Katika Firefox, badala ya nukta kuna mistari mitatu. Programu hujikagua yenyewe, hupakua toleo jipya na kuomba ifunguliwe upya. Fomu ambayo haijakamilika ihifadhiwe kwanza. Safari husasishwa pamoja na mfumo wa kompyuta au simu ya Apple, na kwenye simu za Android toleo jipya hupatikana Play Store. Data inayotumika kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kutazama filamu moja.

Tahadhari inahitajika kwa dirisha linalochomoza katikati ya ukurasa likidai kuwa kivinjari kimepitwa na wakati na kumtaka msomaji abonyeze hapo hapo. Hiyo ni mbinu inayojulikana ya kuingiza programu za wizi. Dirisha hilo lifungwe, na ukaguzi ufanywe kupitia menyu ya kivinjari chenyewe.

Kwa kompyuta zilizozeeka, tatizo huwa ni mfumo wenyewe. Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na 8.1 mwaka 2023, toleo la mwisho likiwa la 109. Microsoft nayo ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Internet Explorer ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, lakini ofisi yenye programu ya hesabu inayoihitaji inaweza kutumia njia maalumu iliyomo ndani ya Edge, ambayo Microsoft imeahidi kuitunza angalau hadi 2029.

Kwa mfanyabiashara ambaye hawezi kununua kompyuta nyingine kwa sasa, lililo salama zaidi ni kufanya malipo ya benki kwa simu iliyosasishwa, na kuiachia kompyuta ya zamani kazi zisizohitaji intaneti.