Mifumo ya Uchaguzi (3): Lesotho ilivyobadili hesabu ya kura

Wiki iliyopita tuliona jinsi Uingereza inavyompa ubunge anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja. Tanzania, Kenya na Lesotho zilirithi utaratibu huo. Lesotho uliigharimu sana, na ndiko nitakakokaa leo.

Mei 1998 chama cha LCD kilipata takriban asilimia 61 ya kura, kikatwaa viti 79 kati ya 80. BNP, iliyochaguliwa na karibu robo ya wapiga kura, iliambulia kiti kimoja. Wafuasi wake walitawanyika nchi nzima, na jimboni mshindi wa pili hana chake. Wapinzani walilia wameibiwa; tume ya SADC chini ya Jaji Pius Langa haikupata ushahidi wa kubatilisha matokeo. Septemba majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yaliingia kuzima ghasia, na mji mkuu, Maseru, ukaungua. Kwa maoni yangu, hata kura zingehesabiwa kwa uadilifu usio na doa, viti 79 kwa kimoja visingewatuliza watu. Kasoro ilikuwa kwenye kanuni yenyewe.

Mwaka 2002 ukaja mfumo mchanganyiko, wa aina ya Ujerumani na New Zealand. Majimbo yalibaki 80, vikaongezwa viti 40 vya kufidia. Mpiga kura alipewa karatasi mbili: ya mbunge na ya chama. Kura za chama huonyesha kinastahili viti vingapi kati ya 120. Kikipungukiwa majimboni, hujaziwa kutoka orodha yake. BNP haikushinda jimbo hata moja, ikapata viti 21. LCD, yenye majimbo 79, haikuongezewa kitu. Viti maalum vya wanawake vya Tanzania navyo hugawanywa kwa uwiano wa kura, ila havifidii: aliyevuna majimboni huongezewa.

Wanasiasa hawakukawia kuona mwanya. Mwaka 2007 LCD iliwaelekeza wafuasi wake karatasi ya pili waipe NIP, mshirika wake, nayo ikazoa viti 21 vya fidia. Wapinzani, ABC na LWP, walifanya vivyo hivyo. Fidia ikageuzwa nyongeza, na hilo naliona ni dhuluma kwa mpiga kura.

Dawa ilipatikana kabla ya uchaguzi wa 2012: karatasi moja tu, kura ya mgombea ikihesabiwa pia kuwa ya chama chake. Hakuna chama kilichopata wingi wa viti. Pakalitha Mosisili, waziri mkuu tangu 1998, akaondoka kwa amani, na Thomas Thabane akaunda serikali ya mseto.

Wiki ijayo: Afrika Kusini, ambako mgombea binafsi aliruhusiwa mwaka 2024 kuingia katika mfumo wa orodha za vyama.