Kompyuta Kuukuu za Unix: Jinsi ya Kuzichagua na Kuzitumia

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini kila Jumamosi huonekana katika stoo ya maabara nikihangaika na sanduku la kijivu lililokwisha pitwa na wakati. Leo nitajibu kwa ufupi, nami nitawapa shauri ninyi mtakaopenda kazi hii.

Kwanza tujue asili yake. Unix ni mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani. Katika miaka ya 1980 na 1990 makampuni ya Sun, SGI na NeXT yalitengeneza kompyuta za mezani za Unix kwa ajili ya wahandisi na wataalamu wa sayansi. Bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kawaida. Ni juu ya mashine ya NeXT kwamba Tim Berners-Lee, mwaka 1990, aliandika programu ya kwanza ya kusomea kurasa za Web.

Pili, ichaguliwe ipi? Anayeanza asivutwe na sura. SGI Indy ya mwaka 1993 inapendeza, lakini mfumo wake, IRIX, ulitolewa mara ya mwisho mwaka 2006. Mimi nasifu SPARCstation 5 ya Sun, ya mwaka 1994. Sanduku lake hufunguka kwa urahisi, na mfumo wa NetBSD, usiolipiwa, huweza kuiendesha. Tena haihitaji skrini wala kibodi yake ya asili, ambazo ni shida kupatikana. Ukiiwasha bila kibodi, hupeleka maneno yake kwa waya wa siriali hadi kompyuta nyingine, nawe huiamuru kutoka huko.

Kabla ya kuichukua, uliza: Je, inawaka? Ina diski? Inakubali umeme wa volti 240 kama wetu? Diski za zamani hupiga kelele na kufa, lakini siku hizi kuna vibao vidogo, kama BlueSCSI, vinavyotumia kadi ya kumbukumbu badala ya diski. Kisanduku cha umeme kilicho ndani usikifungue, maana huweza kukupiga hata baada ya waya kuchomolewa.

Sasa niwaambie jambo lililonifundisha zaidi. Mashine yetu ililetwa kama zawadi. Tulipoiwasha, iliandika kwamba kitambulisho chake si halali, ikakataa kuendelea. Wenzangu wakasema, "Imekufa, iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma." Nami nilikuwa karibu kukubali. Mwalimu wetu wa fizikia akasema, "Kijana, umeipima, au umeihukumu tu?" Nikaona haya, nikaanza kusoma.

Kumbe ndani yake mna chipu yenye saa na kumbukumbu, na betri ndogo ya lithiamu imefungiwa humo humo. Baada ya miaka kumi au zaidi betri huisha, na mashine husahau namba yake ya mtandao na diski ya kuanzia. Namba za Sun huanza kwa 8:0:20, na mara nyingi huwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya chipu. Niliiandika upya kwa amri chache, mashine ikaamka! Lakini kila tulipozima umeme ilisahau tena, mpaka tulipopata chipu mpya. Haikuwa imekufa, ilikuwa imesahau jina lake.

Onyo moja: msiiunganishe na intaneti. Mifumo ya zamani hairekebishwi tena, na njia yake ya telnet hupeleka neno la siri waziwazi, kila mwenye hila aweza kulisoma.

Je, kuna faida gani? Amri za ls, cat na grep nilizojifunza juu ya sanduku lile ndizo zitumikazo leo katika Linux. Tena katika kompyuta mpya mambo mengi yamefichwa. Katika hii nimeona kwa macho yangu kila hatua, tangu umeme kuingia hata mfumo kusimama.

Basi ndugu zangu, kabla hamjatupa kitu, kifungueni mkitazame. Wazee walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.