Kuchagua Pwani ya Stara

Ndugu zetu wa Dodoma, tangu treni ya umeme iendayo Dar es Salaam kuanza mwaka 2024, safari ya Unguja imekuwa nyepesi, na wenye wake na mabinti hutafuta hoteli ya faragha pwani. Picha zisiwaghuri: hoteli ina ukuta, ufuko hauna. Nungwi wageni ni wengi, na mavazi yao mwayajua. Sisi twapenda Jambiani. Lakini tazameni kwanza kalenda ya Kiislamu. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: asubuhi maji hukupwa mbali, ufuko ukawa wa akina mama wakulima wa mwani, alasiri bahari hujaa. Na kabla ya kutoa arubuni, ulizeni: dirisha latazama ua, au njia ya wapitao?