Ukaidi wa Kishu si Kasoro
Kishu, mbwa wa Kijapani aliyezoeshwa kuwinda nguruwe pori katika milima ya Wakayama na Mie, na aliyetangazwa urithi wa asili wa Japani mwaka 1934, husemwa kuwa mkaidi. Analaumiwa bure. Porini mwindaji huwa nyuma sana. Mbwa mwenyewe ndiye huamua lini amzuie nguruwe na lini akwepe meno yake. Anayengoja amri huumia.

Atasema mtu: nyumbani hakuna nguruwe, basi atii. Sawa, lakini silika haifutwi na ua. Mfunze angali mdogo, kwa subira na vipande vya nyama, si kwa fimbo. Mtembeze kila siku akiwa kwenye kamba, maana akimwona paka huenda asisikie hata jina lake. Manyoya, meupe kwa kawaida, yanataka brashi tu, ila yakianza kupukutika utafagia asubuhi na jioni.