Majani Sita ya Muhogo

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, na wenzao wa EPFL huko Uswisi walichapisha matokeo yaliyowafurahisha sana watu wa teknolojia. Walikuwa wameifundisha kompyuta kwa picha 54,306 za majani ya mazao 14, mengine mazima, mengine yameshikwa na moja ya magonjwa 26. Ikionyeshwa jani ambalo haijapata kuliona, kompyuta ililitaja zao na ugonjwa wake kwa usahihi wa asilimia 99.35. Sijui bwana shamba anayefika hapo.

Namba hiyo ikanukuliwa kila mahali. Iliyonukuliwa kwa nadra ni nyingine iliyo ndani ya makala yaleyale: watafiti walipoijaribu programu yao kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ulianguka hadi asilimia 31 na kitu. Picha za mafunzo zilikuwa za jani mojamoja, lililochumwa, likalazwa mahali patupu na kupigwa picha kwa utulivu. Shambani hakuna jani linalokaa hivyo. Linapigwa na upepo, limefunikwa nusu na jirani yake, lina vumbi, lina tundu la panzi, na jua la saa sita limelifanya ling'ae kama bati. Kompyuta ilikuwa imejifunza majani ya maabara, siyo ya shamba. Lakini watafiti wenyewe waliyaandika hayo bila kuficha, na hilo ni la kupongezwa, maana si wote wanaofanya hivyo.

Kuitoa akili mnemba kwenye 99 ile ya maabara na kuifikisha shambani bila kupotea njiani ndiyo kazi ngumu, na zao lililoonyesha ugumu wake wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni muhogo wetu.

Muhogo haupandwi kwa punje. Unachukua shina la msimu uliopita, unalikata vipande vya urefu wa shubiri hivi, unachomeka ardhini. Virusi vilivyokuwamo katika shina mama husafiri ndani ya pingili hizo, na mtu anayemgawia jirani yake mbegu humgawia na maradhi bila yeyote kati yao kujua. Shambani huenezwa pia na inzi weupe, wadudu wadogo kuliko punje ya mtama wanaojificha upande wa chini wa jani.

Magonjwa makubwa ya virusi ni mawili, na yote mawili yaliandikwa kwanza kwenye vitabu vya sayansi kutokana na mihogo ya Tanzania ya leo. Batobato ilielezwa mwaka 1894. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Batobato haina siri: majani machanga hujikunja, hupotoka, na rangi ya njano huchanganyika na kijani kwa mabaka. Michirizi ni mjanja. Njano yake hufuata mishipa midogo ya jani, tena kwenye majani ya chini yaliyozeeka, ambayo hata hivyo yako njiani kudondoka. Juu, mmea unaweza kuonekana wa kupendeza kabisa. Ukiuchimbua ndipo unapokuta kiazi kina mabaka makavu ya kahawia, magumu kama gamba, kisichofaa kwa mtu wala kwa soko. Wapo wakulima wanaolaumu mvua au udongo, na wapo waliojifunza kuvuna mapema kabla uozo haujaenea, hata kama viazi havijanenepa.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba michirizi ni ugonjwa wa pwani na nyanda zilizo chini ya mita 1,000. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, juu ya kimo hicho, kisha ukatambaa hadi Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Ugonjwa unaokwenda kasi namna hiyo unahitaji macho mengi shambani, na maafisa ugani ni wachache.

Hapo ndipo timu ya Penn State ilipoungana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha ukanda wa joto yenye ofisi Dar es Salaam. Safari hii hawakuchuma majani na kuyalaza mezani. Walikwenda kwenye mashamba ya majaribio Bagamoyo wakiwa na kamera ya kawaida ya mkononi, wakapiga picha za mihogo ikiwa imesimama palepale ilipoota. Makala waliyochapisha mwaka 2017, Amanda Ramcharan akiwa mwandishi wa kwanza, yalitumia picha 2,756 zilizopangwa katika makundi sita: batobato, michirizi, madoa ya kahawia, madhara ya utitiri wa kijani, madhara ya utitiri mwekundu, na mimea mizima. Kisha watu wakakaa na kuzikata picha hizo kwa mkono, kidole kimoja kimoja cha jani, hadi zikawa vipande 15,000. Wanaofikiri akili mnemba hujifundisha yenyewe wangeonyeshwa kazi ile ya kukata.

Wala programu haikuanzia sifuri. Walichukua mtandao wa kompyuta uitwao Inception v3, uliotengenezwa na Google na ambao tayari ulikuwa umepitishwa kwenye picha zaidi ya milioni moja za paka, magari, vikombe na kila kitu kingine. Mtandao huo hauna habari na muhogo, lakini umekwisha kujua kuona: kingo ziko wapi, rangi inabadilika wapi, mistari inakutana vipi. Watafiti waliyaacha maarifa hayo yalivyo, wakaifundisha upya sehemu ya mwisho tu, ile inayotoa jina. Ndiyo sababu picha elfu chache zilitosha. Usahihi wa jumla ukafika asilimia 93.

Kisha wakaitia programu ndani ya simu, na hapo shamba likaanza kudai haki yake.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilifanywa tena Tanzania, kwa vidole 720 vya majani yaliyoathirika. Kila ugonjwa uligawanywa kwa viwango viwili, dalili kali na dalili nyepesi, kwa sababu programu inayotambua ugonjwa ukiwa umekwisha kuuharibu mmea haimsaidii mtu. Alama waliyoitumia huchanganya mambo mawili: wagonjwa wangapi wamekamatwa kati ya wote waliopo, na kati ya waliotajwa ni wangapi kweli wanaumwa. Hata pale palipokuwa rahisi zaidi, kwenye picha za dalili kali, alama hiyo ilishuka kwa asilimia 32. Sababu ni moja: programu haikuwa inazua magonjwa, ila ilikuwa inayapita. Jani bovu liko mbele ya kamera, simu imenyamaza. Kwa ugonjwa unaoenea kwa kugawana pingili, kosa la aina hiyo ndilo baya zaidi, kwa kuwa mkulima aliyeambiwa mmea wake ni mzima ataukata na kuupanda tena kwa moyo mmoja.

Programu ile ilikwishapewa jina la Nuru, na FAO nao wakiwamo miongoni mwa washirika wake. Inafanya kazi ndani ya simu bila intaneti, uamuzi wa busara kwa mashamba yasiyo na mtandao. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Latifa Mrisho wa IITA ilichapisha matokeo ya kuilinganisha na binadamu katika Afrika Mashariki. Katika kutambua dalili Nuru ilipata asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58. Wakulima walipata kati ya 18 na 31.

Ukisoma harakaharaka utasema mashine imeshinda. Mimi naona asilimia 65 ni alama ya mwanafunzi wa kawaida, na alama za wakulima hazinishangazi. Mtihani ulikuwa wa kutaja ugonjwa kwa dalili za jani; mkulima anajua ni shina lipi lilimpa viazi vizuri mwaka juzi, na hilo halikuulizwa.

Cha thamani zaidi katika utafiti ule ni jambo lisilohitaji kompyuta mpya wala hesabu mpya. Badala ya kuielekeza simu kwenye jani moja, ilielekezwa kwenye majani sita ya mmea uleule. Usahihi shambani ukapanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Anayeujua muhogo anaona sababu papo hapo. Batobato hujionyesha kwenye majani machanga ya juu, michirizi kwenye majani makuukuu ya chini. Mtu aliyesimama wima na simu mkononi hupiga picha jani lililo usawa wa kifua chake, na hilo ndilo jani lenye habari chache kuliko yote. Ukimlazimisha apige picha sita, itabidi apande na kushuka na mmea. Ni ujuzi wa kawaida wa mkaguzi wa mazao ulioingizwa kwenye matumizi ya simu, na umeleta faida ambayo ingegharimu maelfu ya picha mpya kuipata kwa njia nyingine.

Upande wa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere hakikusubiri wageni. Tayari mwaka 2010 watafiti wake, akina Ernest Mwebaze na John Quinn, walikuwa wamechapisha jaribio la kutambua batobato kwa kamera. Baadaye wakawagawia wakulima simu ili watume picha kutoka mashambani mwao, zikapewa majina na wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao iliyoko Namulonge. Kutokana na kazi hiyo yalifunguliwa mashindano ya dunia nzima kwenye tovuti ya Kaggle, yaliyoanza mwishoni mwa 2020, kwa picha 21,397.

Hazina ile ina mtego unaofaa kuangaliwa kwa makini. Picha 13,158 kati ya zote ni za batobato. Za mihogo mizima ni 2,577 tu. Ina maana programu isiyojua lolote, inayojibu “batobato” kwa kila picha inayoletwa, inapata asilimia 61 bila jasho. Washiriki wengi waligundua pia kwamba baadhi ya picha zilikuwa na majina yasiyo sahihi, na si ajabu: jani moja linaweza kuwa na virusi na utitiri kwa pamoja, ilhali fomu inataka jibu moja. Aliyeshinda alifika asilimia 91 hivi. Kwa hiyo mtu akikujia na programu ya kilimo yenye usahihi wa asilimia fulani, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: mjinga angepata ngapi?

Makerere wameendelea na kazi nyingine zisizo na mvuto wa magazetini lakini zinazowapunguzia watafiti mateso. Mojawapo ni kuhesabu inzi weupe. Anayezalisha mbegu mpya lazima ajue ni aina ipi inayovutia wadudu wachache, na hesabu hiyo hufanywa na fundi anayeligeuza jani taratibu mno, maana akilitikisa wanaruka, kisha anahesabu vidoa vyeupe kwa macho, mmea baada ya mmea, hadi shingo inakataa. Picha moja ya upande wa chini wa jani, ikihesabiwa na kompyuta, inammalizia kazi hiyo. Nyingine ni ya kiazi chenyewe: hukatwa vipande, na badala ya mtu kukisia kiwango cha uozo kwa alama ya 1 hadi 5, kompyuta hupima ni sehemu gani ya kipande imegeuka kahawia. Naye Godliver Owomugisha na wenzake wamejaribu kutumia kifaa kinachopima mwanga unaoakisiwa na jani, ili ugonjwa ushikwe kabla jicho halijaona dalili. Hiyo ndiyo njia inayonipa matumaini zaidi dhidi ya michirizi, kwa kuwa kamera ya simu, hata ifundishwe vipi, inangoja jani liseme.

Simu ikishasema, kinachofuata hakimo ndani yake. Ugonjwa wa virusi wa muhogo hauna dawa ya kunyunyizia. Kilichopo ni kung'oa mimea michanga iliyoumwa na kupanda pingili safi, na pingili ni mzigo: zinajaza gari upesi, zinakauka upesi, na mkulima aliyezoea kuzipata bure kwa jirani haoni kwa nini azinunue.

Tena kuna mihogo kama Kiroba, inayopendwa pwani ya Tanzania, ambayo inaweza kuwa na michirizi kwenye majani huku viazi vyake vikipata madhara kidogo. Ielekeze Nuru kwenye shamba la Kiroba, itakuambia mmea ni mgonjwa, na itakuwa sahihi. Mwenye shamba atakuambia hang'oi kitu, kwa kuwa atavuna na watoto watakula, naye atakuwa sahihi. Mtafiti atahofia inzi weupe wanaofyonza pale na kuhamia kwa jirani aliyepanda aina isiyostahimili, na hofu yake ni ya kweli. Nani aamue, na kama jirani akipata hasara nani amlipe, ni mambo ya mkutano wa kijiji na ya wizara, na hakuna picha 15,000 zitakazoyajibu.