Je, Wajua? Nota mbili zinatosha kutikisa ukumbi

Sogea karibu, msomaji. Leo ni zamu ya kodi! Si ya nyumba wala ya mapato, bali kodi za gita: nota kadhaa zinazolia kwa pamoja. Tunabisha hodi kwa mafundi wa metali ya progresivu, wale wanaofunga ndoa kati ya ngurumo za roki na akili za jazi.

Je, wajua kwamba pawa kodi, nguzo ya muziki wa metali, ina nota mbili tu, do na so? Mi, inayokaa kati yao, haimo! Na kwa kuwa mi ndiyo huamua meja au maina, kodi hii si meja wala si maina.

Shika hii sasa. Piga nota ya mitetemo 110 kwa sekunde pamoja na ya 165, kisha washa distoshoni, ule mkwaruzo wa gita la umeme. Itazuka sauti ya tatu yenye mitetemo 55, oktava nzima, yaani nusu ya mitetemo, chini ya nota yako ya kwanza, na hakuna kidole kilichoigusa!

Je, wajua kwamba do, mi na so zinaweza kupangwa kwa njia 6 kutoka chini kwenda juu? Ongeza nota moja tu, njia zinaruka hadi 24. Kodi ni ileile, sura ndiyo inayobadilika.

Geuza pawa kodi, so ikae chini na do juu. Unaujua mlio huo! Ndio uliobeba "Smoke on the Water" ya Deep Purple mwaka 1972.

Mi ikikaa karibu na do kwenye nyuzi nene, distoshoni huivuruga ikawa uji. Ipandishe oktava moja tu. Kodi inang'aa papo hapo!

Una gita hapo? Hesabu freti, vile vyuma vya shingoni. Bana uzi wa tano freti ya 3, wa nne freti ya 5, wa tatu freti ya 7. Umepata do, so, re: so imepanda juu ya do, re imepanda juu ya so, kwa hatua ileile. Vidole vitalalamika, lakini hata distoshoni kali haiichafui kodi hii.

Je, wajua kwamba kodi moja maarufu ya Rush, bendi ya Kanada, ilipatikana kwa kubana nyuzi chache zaidi? Bana kodi ya F kali kwenye freti ya 2, kisha ziachie wazi nyuzi mbili nyembamba. Alex Lifeson alifungua nayo albamu ya "Hemispheres" mwaka 1978, na mpaka leo wapiga gita huiita kwa jina la albamu hiyo.

Kutoka fa hadi ti ni toni tatu kamili, na toni hizo huikata oktava vipande viwili sawasawa. Walimu wa muziki wa Ulaya katika karne ya 18 waliuita mruko huo shetani ndani ya muziki. Mwaka 1970 Black Sabbath wakajengea juu yake wimbo wenye jina la bendi yao!

Na mpiga gita wa bendi hiyo, Tony Iommi, je? Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani huko Birmingham ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete, siku yake ya mwisho kazini. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea ncha mpya, akaendelea kupiga!

Piga uzi wa pili wazi pamoja na uzi wa tatu freti ya 5. Nota hizo zimeachana nusu toni tu, na sauti itatetemeka kama mara 15 kwa sekunde. Umesikia inavyouma? Mafundi wa metali huutafuta utamu huo kwa makusudi.

Kwenye piano, do ya kati ina kitufe kimoja tu. Kwenye gita la freti 24 ina makazi 5: freti ya 1, 5, 10, 15 na 20, kila moja kwenye uzi wake!

Je, wajua kuna kodi ambayo ukiisogeza freti 3 inabaki na nota zilezile? Inaitwa diminishi ya saba, yenye nota 4 zilizopishana sawasawa. Kodi iliyoongezwa, ogmenti, hufanya hivyo kwa freti 4.

Uzi mnene wa gita la kawaida hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Wa gita la nyuzi 8 hutetemeka mara 46, na wa gita la besi mara 41. Umeona? Gita limebakiza toni moja tu lilifikie la besi!

Meshuggah, bendi ya Uswidi, waliipenda sauti hiyo kiasi kwamba albamu yao ya "Nothing", ya mwaka 2002, waliirudia. Mwaka 2006 ikatoka tena, magita yamerekodiwa upya kwa nyuzi 8.

Na Tosin Abasi wa bendi ya Animals as Leaders, Mmarekani mwenye wazazi wa Nigeria, huzichapa nyuzi hizo 8 kwa kidole gumba, kama mpiga besi!

Basi, msomaji, usihesabu nota. Angalia umeziweka wapi. Jioni ya leo chagua kodi moja uliyoizoea, inua kidole kimoja, kisha sikiliza.