Ndege wa Kipupwe katika Nyua za Makutupora

Mvua za Dodoma, ambazo kwa kawaida hunyesha kati ya Desemba na Aprili na ambazo wastani wake kwa mwaka ni milimita 570 hivi, zikishakwisha, nyanda za kati za Tanzania huingia katika miezi mirefu ya ukavu, na sehemu ya baridi ya miezi hiyo, kati ya Juni na Agosti, ndiyo kipupwe. Wakati huo upepo wa kusini-mashariki huvuma karibu kila siku, mibuyu husimama bila majani, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Kwa mtu anayetaka kuwatazama na kuwapiga picha ndege wa mwituni bila kutoka nje ya ua wa nyumba yake, huu ndio msimu ulio bora kuliko yote, na sababu yake inaonekana vizuri Makutupora, eneo lililo kaskazini mwa jiji la Dodoma, linalojulikana kwa utafiti wa zao la zabibu na, zaidi ya hapo, kwa visima virefu vinavyolipatia jiji maji.

Sababu yenyewe ni maji. Nchini Uingereza, ambako shirika la kulinda ndege la RSPB limekuwa likiwaalika wananchi kuhesabu ndege wa bustanini kila Januari tangu mwaka 1979, watu huwawekea ndege mbegu na mafuta ili wapate nishati ya kuvuka usiku wa barafu. Dodoma haina barafu, na mbegu za nyasi zimetapakaa ardhini kwa wiki nyingi baada ya mvua. Kinachoadimika ni maji ya kunywa, kwa kuwa madimbwi na mito ya msimu hukauka. Mbegu kavu ina maji kidogo mno, hivyo ndege wala-mbegu, kama tetere, shomoro na mnana, hulazimika kuyatafuta mara kwa mara, ilhali ndege wala-wadudu hupata sehemu kubwa ya maji yao kutoka katika miili ya mawindo. Isitoshe, ndege hawana tezi za jasho: jua la mchana linapowazidi, hupoza mwili kwa kupanua mdomo na kutetemesha ngozi ya koo ili unyevu uvukizwe, na kila pumzi ya namna hiyo huwapunguzia maji. Kigae cha chungu kilichojazwa maji na kuwekwa kivulini kwa hiyo huvuta ndege wengi kuliko kopo la nafaka. Tena kumwaga punje uani si jambo la kushauriwa katika nchi ya mtama na uwele, ambako wakulima hutumia siku nzima kuamia mashamba yao dhidi ya kwelea.

Penye maji tabia za ndege hujidhihirisha. Tetere huzamisha mdomo na kufyonza maji mfululizo bila kuinua kichwa, uwezo ambao ndege wengi hawana, kwani wengi huchota tone, huinua kichwa, kisha huliacha tone literemke kooni. Kuzumburu, ndege wa kahawia mwenye kishungi na mkia mrefu, hulala usiku wa baridi akiwa amesongamana na wenzake, na asubuhi huning'inia tawini akilielekezea jua tumbo lake, ili apate joto na kusaidia usagaji wa majani na matunda aliyoyala. Wapo pia wakazi ambao mtazamaji wa Makutupora hana budi kuwathamini kwa namna ya pekee: kwezi wa kijivu, ambaye duniani kote huishi Tanzania tu, na kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cheusi na ukosi wa njano, ambaye asili yake ni Tanzania, ingawa wageni wengi wamemwona akiwa tundoni Ulaya na Marekani kabla ya kumwona akiruka huru kati ya mibuyu.

Ugumu wa kipupwe uko katika manyoya. Madume ya kwelea, ya fumbwe na ya jamii nyingi za mnana huvaa rangi kali wakati wa kuzaliana tu. Baada ya hapo hupukutisha manyoya hayo na kuota mengine ya rangi ya majani makavu, wakafanana na majike yao. Hapa ndipo picha inapokuwa chombo cha elimu, kwa sababu hukamata umbo la mdomo, michirizi ya bawa na rangi ya miguu, mambo ambayo jicho halipati muda wa kuyapima. Kwelea, kwa mfano, hata akiwa amefifia hivyo, hubaki na mdomo mwekundu.

Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye mwanga laini, kabla upepo haujainua vumbi. Lenzi ya milimita 300 au zaidi, kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ulengaji wa jicho la ndege hutosha kwa picha nzuri, lakini kimo cha mpigaji kina uzito kuliko ubora wa kamera: anayeketi chini, nyuma ya shuka iliyotandazwa kwenye kamba, humwona ndege uso kwa uso. Mwenye simu tu anaweza kuiegemeza karibu na kigae, akairuhusu irekodi video, naye akaondoka. Kiota kisisogelewe, wala sauti zilizorekodiwa zisitumiwe kumwita ndege, kwani ndege anayejibu mwito wa uongo hupoteza nguvu alizozihitaji kwa chakula na kwa makinda.

Baridi ya kaskazini ya dunia nayo huifikia Makutupora kwa njia nyingine. Kuanzia Septemba na Oktoba, mbayuwayu waliozaliwa Ulaya na Asia hushuka barani Afrika, na baadaye, mvua zinapokaribia na kumbikumbi kuanza kuruka, hupita kozi wa Amur, ndege mdogo wa mawindo anayetoka mashariki ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi. Hawa hawaji kigaeni. Hutazamwa angani, na huondoka tena kufikia Machi au Aprili.

Yanayoonekana kigaeni na angani yakiandikwa mwaka baada ya mwaka huwa kumbukumbu, na thamani ya kumbukumbu ndefu imekwisha kuthibitishwa na Makutupora yenyewe. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliotumia vipimo vya miaka 55 vya kina cha maji katika visima vya eneo hilo, ukabainisha kwamba hazina ya chini ya ardhi haijazwi kidogo kidogo kila mwaka, bali hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 hadi 1998. Jambo hilo lisingejulikana kama wapimaji wangechoka baada ya miaka kumi. Kwa upande wa ndege, Neil na Liz Baker walianzisha katika miaka ya 1980 mradi wa atlasi ya ndege wa Tanzania, unaokusanya taarifa za wapi na lini kila spishi, yaani kila aina ya ndege, imeonekana; na tangu mwaka 2010 mfumo wa eBird umemwezesha mtu yeyote mwenye intaneti kuchangia taarifa za namna hiyo. Picha ya tetere wa kawaida, ikiwa na tarehe na mahali, ni taarifa kamili, na pengine ina faida kuliko picha ya ndege adimu isiyo na tarehe, kwa kuwa mabadiliko ya tabianchi yatapimwa kwanza kwa ndege wa kila siku.

Anayetaka kuanza aweke maji yasiyozidi kina cha vidole vitatu, atie jiwe katikati ili ndege wadogo wapate pa kusimama, akisugue kigae na kubadilisha maji kila asubuhi, na akiweke mbali na paka na mbali na banda la kuku, kwa sababu mdondo, ugonjwa unaoteketeza kuku wa kienyeji, unaweza kuenezwa na ndege wa mwituni kama njiwa. Kisha aandike tarehe.